Saratani ya Mapafu: Namna ya Kuzikabili Siku za Mwanzo na Mahali pa Kupata Msaada

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saratani ya mapafu inaongoza kwa kusababisha vifo miongoni mwa saratani zote duniani. Takwimu za kimataifa za mwaka 2022 zinaonesha kuwa watu takribani milioni 2.5 waligundulika kuwa na ugonjwa huo, na wengine takribani milioni 1.8 walifariki dunia kwa sababu yake. Mwananchi anayepewa majibu hayo kwa mara ya kwanza hubeba mizigo miwili kwa pamoja: ugonjwa wenyewe, na hofu inayoambatana nao. Makala haya yanahusu mzigo wa pili, ambao nao una tiba na una wataalamu wake.

Kwa nini majibu haya huwa mazito

Hapa nchini, saratani zinazoonekana kwa wingi ni za mlango wa kizazi, matiti, tezi dume na umio. Mgonjwa wa saratani ya mapafu anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mwenzake mwenye ugonjwa kama wake, hivyo hujiona yuko peke yake.

Aidha, kikohozi kisichokoma, kukohoa damu, maumivu ya kifua na kupungua uzito ni dalili za kifua kikuu pia. Wapo wagonjwa wanaoanza kutibiwa kifua kikuu kabla ya kipimo cha kinyama kuthibitisha saratani. Majibu sahihi yanapotoka, hofu huchanganyika na hasira ya kuona kwamba muda umepotea. Hasira hiyo ni ya kawaida. Hali kadhalika kupigwa na butwaa, kukataa kuamini, kukosa usingizi au kulia bila kutarajia. Hisia hizo si dalili ya udhaifu wa mtu wala upungufu wa imani.

Mzigo mwingine ni lawama. Uvutaji wa tumbaku unahusishwa na sehemu kubwa ya saratani za mapafu, takribani asilimia 85, lakini si kila mgonjwa amewahi kuvuta. Moshi wa sigara za watu wengine, moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba, vumbi la migodini na madini ya asbesto ni miongoni mwa vyanzo vingine. Kwa aliyewahi kuvuta, swali la "ulivuta kwa miaka mingapi?" linapoulizwa na ndugu au jirani humwongezea aibu, na aibu humfanya achelewe kwenda hospitali. Kwa anayeendelea kuvuta, kuacha hata baada ya kugundulika kuna faida, kwa kuwa husaidia tiba kufanya kazi vizuri zaidi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Hofu hukua pale taarifa zinapokosekana. Siku ya kupewa majibu, watu wengi husikia neno "saratani" tu, na mengine yote huwapita. Ni vema mgonjwa afuatane na ndugu mmoja anayemwamini, awe na daftari, na arudi tena na maswali aliyoyaandika: Ni aina gani ya saratani ya mapafu? Imefikia hatua ya ngapi kati ya nne? Tiba inayopendekezwa ni upasuaji, mionzi, dawa, au mchanganyiko wake? Lengo la tiba ni kuponya, au ni kudhibiti ugonjwa na kupunguza maumivu? Nani wa kumwona ikiwa hali itabadilika usiku?

Familia nyingi humficha mgonjwa ukweli kwa nia njema ya kumlinda. Hata hivyo, mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kufahamu hali yake na kuamua kuhusu matibabu yake. Mara nyingi mgonjwa huhisi kwamba kuna jambo linafichwa, akabaki kuogopa peke yake huku wanaompenda wakimzunguka.

Watoto nao waelezwe kwa maneno machache na ya kweli. Waambiwe kwamba saratani haiambukizi kama kifua kikuu, hivyo wanaweza kumkumbatia mzazi na kula naye sahani moja. Majirani pia wanahitaji kulijua hilo, kwa kuwa kikohozi humfanya mgonjwa aepukwe.

Pumzi na hofu

Katika ugonjwa huu, mwili na hisia huathiriana kwa karibu. Kukosa pumzi huleta hofu, na hofu hufanya pumzi ipungue zaidi. Mgonjwa akibanwa, akae ameinama kidogo mbele, viwiko vikiwa juu ya mapaja, avute hewa taratibu kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto. Dirisha lililo wazi au upepo mwanana wa feni usoni husaidia. Kukosa pumzi kunakoanza ghafla au kunakozidi ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Vilevile, baadhi ya dawa zinazotolewa pamoja na tiba ya saratani, hususan za jamii ya steroidi, huweza kuvuruga usingizi na kubadili hali ya moyo. Mgonjwa amweleze daktari, na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, ikaambatana na kupoteza hamu ya mambo yote, kujiona hana thamani au kukata tamaa, huenda ni sonona, ambayo hutibika kwa ushauri nasaha na dawa. Mgonjwa anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu.

Mahali pa kupata msaada

Matibabu ya kibingwa ya saratani yanapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda KCMC mjini Moshi. Mgonjwa aombe kuonana na wahudumu wa tiba shufaa mapema, pamoja na tiba nyingine. Tiba shufaa hushughulikia maumivu, pumzi, hofu, familia na mahitaji ya kiroho, na wengi hudhani ni kwa ajili ya mtu anayekaribia kufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Marekani, uliohusisha wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionesha kuwa waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo walikuwa na sonona kidogo na maisha bora zaidi. Waliishi kwa wastani wa miezi 11.6, ikilinganishwa na miezi 8.9 kwa wenzao.

Kuhusu gharama, ambazo kwa familia nyingi ndizo chanzo kikuu cha wasiwasi, mgonjwa aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza shamba au mifugo. Afisa huyo ndiye anayepokea maombi ya wasio na uwezo wa kulipia. Wenye bima waulize mapema ni huduma zipi zinagharimiwa, na wanaotoka mikoani wahakikishe wana barua ya rufaa.

Katika jamii, mgonjwa anaweza kuzungumza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa dini, au kikundi cha wagonjwa na manusura wa saratani, hata kama wenzake wana saratani ya aina nyingine. Ndugu wanaotaka kusaidia wachague jambo mahsusi: kumsindikiza kliniki, kuchota maji, kupika, kulipa nauli, au kukaa naye tu bila kumlazimisha kuzungumza. Anayemuuguza naye apate mtu wa kumpokea zamu, kwa kuwa uchovu wake hatimaye humfikia mgonjwa.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kikohozi kinachodumu zaidi ya wiki mbili kinahitaji uchunguzi. Kwa aliyekwisha kupata majibu, hofu na huzuni zitajwe kwa daktari kama yanavyotajwa maumivu ya kifua, ili nazo zitibiwe mapema.