Sauti za Ndoto za Utotoni Zilizozaliwa Upya (mchoro)

Mchoro mkubwa wa Ibrahim El-Salahi wa Sudani, alioushughulikia kuanzia 1961 hadi 1965. Umechorwa kwa rangi ya enameli na rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha pamba, na kila upande una urefu wa karibu mita 2.6. Tangu 2013 ni mali ya hazina ya Tate, London, ambako umeandikishwa kwa jina la Kiingereza Reborn Sounds of Childhood Dreams I. Unaweza kuwekwa katika fungu la ekspreshonisti, sanaa inayopinda maumbo na rangi ili yatoke yaliyo moyoni, si kunakili yanayoonekana kwa jicho. Fungu hilo linaufaa nusu tu, kwa sababu itakayoonekana hapa chini.

Msomaji wa Bura, iwe Bura ya upande wa Garissa au ile ya ng'ambo ya Mto Tana yenye mashamba ya umwagiliaji, anaujua mwanzo wa mchoro huu hata kama hajawahi kuuona. Mwanzo wake ni loho, ule ubao wa kuandikia Kurani.

Muonekano

Viumbe warefu, wembamba, wamesimama karibu karibu. Vichwa vyao vina sura ya barakoa, macho yao ni mashimo, na viungo vyao vinakaribia kuwa mifupa mitupu. Baadhi wamejitokeza wazi na wengine wamebaki nusu, kana kwamba rangi imewameza au bado haijawatoa. Rangi zenyewe ni chache: nyeusi, nyeupe iliyofifia, hudhurungi na rangi ya udongo. Katika miaka hiyo El-Salahi alijinyima kwa makusudi rangi kali, akashika zile za ardhi ya Sudani. Mtu wa nyika za Garissa wakati wa kiangazi hatazishangaa.

Ukiutazama kwa muda, mistari hukataa kutulia. Mpindo wa bega unasomeka kama tumbo la herufi nuni, kisha unageuka pembe ya ng'ombe. Hakuna hadithi inayosimuliwa, wala nyumba, ua au mti wa kumwonyesha mtazamaji kwamba hapa ni kwao mchoraji. Jina la mchoro halitaji kitu chochote cha kuonekana. Linataja sauti.

Chuo cha baba

El-Salahi alizaliwa 1930 huko Omdurman, mji unaotazamana na Khartoum kuvuka Mto Nili. Baba yake aliendesha chuo cha Kurani nyumbani kwao, na humo ndimo mtoto alimojifunza kusoma, kuandika na kuipamba khati. Kwake, basi, nyumbani na darasani palikuwa mahali pamoja, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa mchoro.

Chuo cha namna hiyo Wasudani hukiita khalwa. Kaskazini Mashariki ya Kenya ni duksi, na utaratibu wake haupishani sana. Makaa husagwa, huchanganywa na maji na gundi ya mti, yakawa wino. Kijiti huchongwa kuwa kalamu. Aya huandikwa kwenye loho, na mtoto huisoma kwa sauti ya juu hadi imkae kichwani. Kwa kuwa kila mtoto amefikia sura yake, sauti hazilingani: huyu yuko juzuu ya amma, yule yuko mbali zaidi, na mwalimu anasikia kosa la mmoja katikati ya zogo la wote. Aliyehifadhi huosha ubao wake na kuandika aya mpya. Sudani maji ya kuoshea hunywewa na watu wanaotafuta baraka na tiba, kama kombe linavyonywewa pwani ya Kenya na Zanzibar.

Kwa hiyo mtoto wa chuo hukua akiona maandishi yakizaliwa, yakipata sauti na kufutika, tena na tena, juu ya kipande kilekile cha mbao. Ubao wa zamani hubaki na vivuli vya aya zilizopita. Viumbe waliobaki nusu katika mchoro wa El-Salahi wanafanana mno na vivuli hivyo, na mwandishi wa makala hii haamini kwamba ni bahati tu.

Maonyesho yasiyo na watu

Njia kutoka ubaoni hadi kwenye kitambaa haikuwa fupi. Kuanzia 1954 hadi 1957 El-Salahi alisoma London katika shule ya sanaa ya Slade, akarudi Khartoum kufundisha. Sudani ilikuwa imepata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Kijana aliyetoka Ulaya na ujuzi wote alitundika kazi zake katika Grand Hotel ya Khartoum. Watu walifika siku ya ufunguzi, kisha hawakurudi.

Jambo hilo lilimtikisa. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi akitazama vile watu wanavyopamba mikeka, vyombo na kuta, na nafasi waliyoipa khati majumbani mwao. Aliporudi kwenye kazi alianza kuandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, na watu wakasogea. Baadaye alizivunja herufi zenyewe na kutazama nafasi zilizo ndani yake. Humo wakatoka wanyama, mimea na watu. Mchoro huu ni tunda la hatua hiyo. Pamoja na wenzake kama Ahmed Shibrain na Kamala Ibrahim Ishaq, El-Salahi akahesabiwa miongoni mwa viongozi wa kundi linaloitwa Shule ya Khartoum.

Je, ni ekspreshonisti?

Kundi la wasanii wa ekspreshonisti wa Ujerumani, Die Brücke, lililoanzishwa Dresden 1905, lilizitazama kazi za Afrika na visiwa vya Pasifiki katika jumba la makumbusho la mji huo na kuchota humo nyuso kali na miili iliyokatwa kwa pembe. Mtu aliyezoea historia hiyo akiona barakoa za El-Salahi hufikiri ameona mkopo ukirudi kwa mwenyewe. Lakini Omdurman si mji wa barakoa. Nyuso hizi zimetoka katika herufi, na herufi zimetoka chuoni. Kilicho cha ekspreshonisti hapa ni mkazo wa hisia na maumbo yaliyopindwa, lakini chanzo chake ni kingine kabisa.

Lipo pia suala ambalo wahakiki wa Ulaya huliruka. Katika nyumba nyingi za Waislamu, zikiwemo za Bura, sura za viumbe hai hazitundikwi ukutani. Pambo hukaa kwenye mikeka inayosukwa na wanawake wa Kisomali kufunikia nyumba za wafugaji, kwenye hina, na kwenye aya zilizoandikwa vizuri. El-Salahi, Mwislamu mwenye kushika dini, aliwapata viumbe wake kwa kupita ndani ya maandishi. Wapo watakaoona hilo ni kuvuka mpaka, na hoja yao haistahili kupuuzwa.

Baada ya mchoro

El-Salahi alipanda hadi wadhifa wa juu katika wizara ya utamaduni chini ya utawala wa Rais Nimeiri, kisha 1975 akashukiwa kushiriki jaribio la mapinduzi na kufungwa miezi sita katika gereza la Kober. Kukutwa na kalamu au karatasi kulikuwa kosa la adhabu, naye alichora kwa siri kwenye vipande vidogo na kuvifukia mchangani. Baada ya kuachiwa aliondoka nchini, akaishi Qatar na baadaye Oxford. Tabia ya kukuza picha kubwa kutoka kipande kimoja kidogo aliitoa gerezani.

Mwaka 2013 Tate Modern ilimfanyia maonyesho ya kazi zake za maisha yote, ya kwanza ya aina hiyo kwa msanii wa Afrika katika jumba hilo. Yalikuwa yameanzia Sharjah mwaka uliotangulia, yakiandaliwa na mtaalamu Salah Hassan. Mwaka huohuo mchoro ulinunuliwa kutoka kwa El-Salahi mwenyewe, karibu nusu karne baada ya kuumaliza.