Kasi imeongezwa, intaneti bado inasuasua: Pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

WATEJA wa intaneti ya majumbani wanaohamia kifurushi cha kasi kubwa zaidi hukumbana na jambo linalokera: ankara hupanda mara moja, lakini kurasa hufunguka kwa mwendo ule ule, filamu hukwama katikati na mkutano wa video hukatika kama zamani.

Lawama hupelekwa moja kwa moja kwa kampuni inayotoa huduma. Wakati mwingine kampuni inastahili lawama hizo. Lakini mara nyingi kikwazo kimo ndani ya nyumba yenyewe, tena kilikuwapo tangu awali, ila hakikuonekana kwa kuwa laini ya zamani ilikuwa ndogo kuliko kikwazo hicho.

Data inayofika kwenye simu hupita katika mitambo ya kampuni, waya wa nje, ruta, kisha mawimbi ya waifai. Kasi anayoipata mtumiaji ni ile ya sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde inapobadilishwa kuwa ya megabiti 100, sehemu hiyo nyembamba huhama kutoka barabarani na kuingia sebuleni.

Lipo pia suala la vipimo ambalo huzua ugomvi usio na sababu. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Anayelipia megabiti 100 na kuona megabaiti 12 kwa sekunde hajapunjwa. Faili ya gigabaiti 2 huchukua dakika 13 hivi kwenye laini ya megabiti 20, na chini ya dakika tatu kwenye laini ya megabiti 100.

Kipimo cha waya

Hatua yenye uzito kuliko zote ni kuunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, kuzima waifai, kuhakikisha hakuna kifaa kingine kinachotumia laini, kisha kupima kasi. Kipimo kinachofanywa kwa simu kutoka chumba cha kulala hakithibitishi lolote kuhusu laini. Kipimo hicho huhesabu pia unene wa kuta, umri wa simu na wingi wa majirani.

Kabla ya kupima, ruta izimwe kwa dakika moja au mbili na kuwashwa upya, kwani baadhi ya mitambo haianzi kutumia kiwango kipya cha kasi hadi kifaa cha nyumbani kijiunge upya.

Tarakimu zinazopatikana hapo husema mengi. Iwapo mteja alikuwa na megabiti 20, akalipia 50, na kipimo cha waya bado kinagota kwenye 19 au 20 asubuhi, mchana na usiku, yaelekea kampuni imebadilisha ankara bila kubadilisha mpangilio kwenye mtambo wake. Kosa hilo hurekebishwa kutoka ofisini, bila fundi kufika nyumbani.

Kipimo kikigota kati ya megabiti 93 na 95 kwa mteja aliyelipia 200, chanzo ni kingine. Matundu ya waya kwenye ruta nyingi za zamani na kwenye baadhi ya kompyuta yana ukomo wa megabiti 100, na zikitolewa zile zinazotumika kusimamia mawasiliano yenyewe hubaki 94 hivi. Kebo nayo huweza kuleta matokeo hayo hayo. Ndani yake mna nyaya nane, na kasi ya gigabiti moja huhitaji zote nane. Mmoja ukikatika, au fundi akiunganisha nne tu kama ilivyozoeleka zamani, vifaa hushuka kimyakimya hadi megabiti 100. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa hitilafu. Kubadilisha kebo ndiyo tiba rahisi kuliko zote, na ni ajabu jinsi inavyosahaulika.

Na kama kipimo cha waya kinaleta kasi iliyolipiwa, basi laini haina kosa. Uchunguzi unahamia hewani.

Mawimbi na kuta za matofali

Ruta nyingi za sasa hurusha waifai katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa. Katika masafa hayo kuna njia tatu tu zisizoingiliana, yaani namba 1, 6 na 11. Katika majengo ya ghorofa ya Kariakoo au Eastleigh, ambako kila familia ina ruta yake, njia hizo tatu hugombewa usiku kucha. Maikrowevu na vifaa vya blututhi hutumia masafa hayo hayo.

Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi kubwa, ila hudhoofika haraka yanapokutana na ukuta wa matofali ya saruji au nguzo ya zege yenye nondo. Ndiyo maana sebuleni kasi huwa ya kuridhisha, na vyumba viwili mbele yake simu hurudi yenyewe kwenye gigahezi 2.4 bila mwenye simu kujua. Ruta nyingi huruhusu masafa hayo kupewa majina mawili tofauti, na kufanya hivyo humwezesha mtumiaji kuona yuko wapi.

Umri wa kifaa nao una nafasi yake. Simu ya zamani yenye antena moja inayotumia gigahezi 2.4 peke yake kwa kawaida hujiunga kwa megabiti 72, na katika matumizi halisi hupata pungufu ya hapo. Kwa simu kama hiyo, kifurushi cha megabiti 200 hakina tofauti na cha megabiti 50.

Mahali ruta ilipowekwa hustahili kutazamwa upya. Aghalabu fundi huiacha pale waya unapoingilia: nyuma ya luninga, kando ya kabati la chuma au mlangoni kabisa. Kuisogeza katikati ya nyumba na kuiweka juu huleta nafuu bila gharama ya kifurushi kipya. Vifaa vya kurudia mawimbi, ambavyo huuzwa madukani kama dawa ya kila tatizo, si vya kukimbilia. Vile vya bei ndogo hupokea na kutuma kwa redio moja, hivyo kasi hupungua kwa takriban nusu. Kuvuta kebo hadi chumba cha mbali na kuweka kisambazaji cha pili ni kazi zaidi, lakini ndiko kunakotatua.

Nyumba yenye kamera za ulinzi, au simu zinazohifadhi picha mtandaoni zenyewe, huweza kujaza njia ya kupakia. Njia hiyo ikijaa, hata kupakua huzorota, kwa sababu kila fungu la data linalopokelewa huhitaji kutumiwa jibu la kuthibitisha kwamba limefika.

Lawama zinapokuwa za kampuni

Kasi inayopimwa kwa waya ikiwa nzuri alfajiri na kuporomoka kati ya saa 1 na saa 5 usiku, hiyo ni foleni. Faiba moja kutoka kwenye mtambo hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, na katika mfumo unaotumika sana, ule wa GPON, zote hugawana takriban gigabiti 2.5 za kupakua. Nje ya hapo kampuni yenyewe huweza kuwa na uwezo mdogo kuliko wateja iliowasajili. Hakuna ruta mpya itakayoponya hilo.

Kasi ikishuka katikati ya mwezi na kurejea mwezi mpya unapoanza, mkataba usomwe. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo vina kiwango ambacho kikivukwa kasi hupunguzwa. Aidha, faiba iliyokunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati hupoteza mwanga, na fundi mwenye kipimo cha mwanga hulitambua kwa dakika chache.

Kwa laini za simu za shaba, kuongeza kasi kulikuwa na masharti yake. Uingereza ilipoanzisha huduma ya hadi megabiti 8 mwaka 2006, mtambo uliichunguza kila laini kwa siku 10 kabla ya kuipangia kasi, na mteja aliyezima na kuwasha modemu mara kwa mara aliweza kuishia na kasi ndogo, kwani mtambo ulidhani laini haijatulia.

Upo pia umbali, ambao kifurushi hakiugusi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilometa 10,000 kwenda na kurudi huchukua milisekunde 100 kwa uchache. Tovuti iliyoko Ulaya itachelewa kujibu hata kama kipimo cha kasi, ambacho kwa kawaida hufanywa na mtambo wa karibu, kinaonyesha tarakimu nzuri. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika, na hakuna ambacho mteja angeweza kurekebisha nyumbani kwake.

Anayeamua kulalamika anahitaji ushahidi. Vipimo vya waya vya siku kadhaa, asubuhi, mchana na usiku, vikiwa na tarehe na saa, vina nguvu kuliko simu ya hasira. Neno “hadi” katika tangazo la kifurushi nalo litazamwe, kwa kuwa hutaja kilele, wala si ahadi ya kila saa. Malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na mteja apewe namba ya kumbukumbu. Yasiposhughulikiwa, mteja wa Tanzania huyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na wa Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo (CA), akiambatanisha vipimo hivyo na namba aliyopewa.