Spika Asiyekalia Kiti Chake

Desemba 7, 1918, bunge la Azabajani, jamhuri changa ya miezi 6, lilikutana Baku na kumchagua Alimardan bey Topchubashov kuwa spika. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Istanbul kwa kazi ya ubalozi, na hakurudi kuongoza hata kikao kimoja. Kiti kilishikwa na naibu wake, Hasan bey Aghayev.

Cheo hicho hakukiokota. Mzaliwa huyu wa Tiflis alisomea sheria St. Petersburg, akahitimu 1888. Husimuliwa kwamba chuo kilikuwa tayari kumwajiri iwapo angebatizwa, akakataa. Huko Baku, mji wa mafuta uliojaa pesa na kesi, akawa wakili na mhariri wa gazeti la Kaspi. Mkewe, Pari, alikuwa binti wa Hasan bey Zardabi, aliyeanzisha Akinchi, gazeti la kwanza la Kiazabajani, mwaka 1875. Kalamu basi ilikuwa mali ya ukoo.

Mwaka 1906 aliingia Duma ya kwanza ya Urusi, akaongoza wabunge Waislamu. Tsar alipoivunja, Topchubashov alitia saini tamko la Vyborg lililowahimiza raia wasilipe kodi wala wasiende jeshini. Saini hiyo ilimgharimu kifungo cha miezi 3 na haki ya kugombea tena.

Kesi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa Paris, kwenye mkutano wa amani, alikotumwa kuitetea jamhuri. Ufaransa ilichelewesha viza za wajumbe wake kwa miezi, ikiwashuku kwa urafiki wao na Waturuki. Hatimaye, Mei 28, 1919, siku jamhuri ilipotimiza mwaka, alionana na Rais Woodrow Wilson wa Marekani. Wilson alimsikiliza, kisha akamwambia mkutano hautaki dunia ikatwekatwe vipande vidogo. Afadhali mataifa ya Kaukazi yaungane, na suala la Urusi litangulie.

Januari 1920 Mataifa Washirika yakaitambua jamhuri kwa vitendo, ingawa si kisheria. Nadhani hofu ya Wabolsheviki iliyasukuma kuliko hoja za wakili yeyote. Aprili Jeshi lao Jekundu likaingia Baku. Topchubashov hakuacha: akaomba uanachama katika Shirikisho la Mataifa, na Desemba akajibiwa kwamba serikali yake haina nchi inayoitawala. Aliendelea kuandika na kulalamika uhamishoni Ufaransa hadi alipofariki Novemba 1934, akazikwa Saint-Cloud.