Watatu Bora wa Miaka Mitano: Hoja Dhidi ya Zawadi za Nafasi katika Madarasa ya Awali Mkoani Mara

Shule zinapokaribia kufungwa mwishoni mwa mwaka, madarasa ya awali ya Musoma, Bunda na Butiama huingia katika shughuli ya zawadi. Wazazi hualikwa, matokeo husomwa, kisha wa kwanza, wa pili na wa tatu huitwa mbele kupokea madaftari au begi huku vigelegele vikipigwa. Wanaoitetea desturi hii husema kwamba zawadi humtia moyo aliyefanya vizuri na kumchochea aliyebaki nyuma. Sehemu ya kwanza ya dai hilo ina mashaka. Ya pili, kwa mtoto wa miaka mitano, sijaona ushahidi unaoibeba.

Mjadala wa zawadi shuleni umezoea kuelekezwa kwingine, yaani kwenye kile ambacho wazazi humpa mwalimu. Huko hakuna ubishi mkubwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ipo tangu 2007, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za msingi na sekondari za serikali. Kitenge ambacho akina mama humvisha mwalimu mbele ya watu siku ya mahafali si sawa na bahasha inayopelekwa kwake kabla ripoti haijaandikwa, na wazazi wanaijua tofauti hiyo vizuri. Kilichosahaulika ni zawadi inayotoka shuleni kwenda kwa mtoto.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa 1973. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye utepe endapo lingechora. Kundi la pili lilichora bila ahadi, likapewa cheti hichohicho ghafla mwishoni. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu zilirudishwa darasani wakati wa michezo huru, na watafiti wakaangalia nani angezifuata mwenyewe. Walioahidiwa cheti walizitumia kwa asilimia 8.6 tu ya muda wao. Wasiopewa kitu, asilimia 16.7, waliopewa bila kutarajia, asilimia 18.1. Mkono uliotoa ulikuwa mmoja na cheti kilikuwa kilekile. Kilichopunguza hamu ya kuchora ni ile ahadi, kwa kuwa iligeuza mchezo kuwa kazi ya kulipwa.

Hapa wataalamu hugawanyika. Judy Cameron na David Pierce walidai mwaka 1994 kwamba, kwa ujumla, tuzo hazipunguzi hamu ya mtu kufanya jambo. Dai lao lilipata nguvu kwa kuchanganya sifa za mdomo na vitu vya mkononi, kana kwamba "hongera" na begi ni kitu kimoja. Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walipokusanya upya majaribio 128 mwaka 1999 na kuyatenganisha, waligundua kuwa vitu vinavyotarajiwa hudhoofisha hamu, tena kwa watoto zaidi kuliko kwa wanachuo. Kwa mwalimu wa awali, mgawanyo huo ndio wenye maana. Akisifu, hana la kuogopa. Akitangaza tangu Septemba kwamba watatu bora watapewa begi, anaingia palepale panapoonywa.

Itasemwa kwamba Stanford si Bunda. Ni kweli, na ndiyo maana utafiti wa Peter Blake na wenzake wa 2015 unatufaa. Waliwakutanisha watoto wawiliwawili katika jamii saba, Uganda ikiwemo. Mmoja aliweza kukubali au kukataa mgawo usio sawa, akijua kwamba akikataa wote wawili wanakosa. Katika jamii zote saba watoto walifikia umri wa kukataa kupunjwa, hata kwa gharama yao wenyewe. Uganda, Marekani na Kanada ndiko watoto wakubwa walikokataa hata mgawo uliowapendelea wao. Jaribio hilo halikuhusu zawadi za darasani, na sitalibebesha zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo linapunguza nguvu ya hoja kwamba mtoto wa kwetu huona ubaguzi wa mgawo kuwa jambo la kawaida.

Tujiulize pia nafasi hizo hupima nini. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule huketi darasa moja. Kwa umri wa miaka mitano, miezi kumi na moja ni karibu moja ya tano ya maisha yote. Zaidi ya hapo kuna lugha. Mtoto wa Musoma mjini anaweza kuingia darasani akiwa amekizoea Kiswahili nyumbani na mtaani, ilhali mwenzake wa kijiji cha Butiama ametoka katika Kizanaki, na wa vijiji vya ufukweni katika Kijita au Kikwaya. Huyo hutumia sehemu kubwa ya mwaka kujifunza lugha ambayo kwayo atafundishwa kuhesabu. Anapotajwa wa thelathini mbele ya mama yake, kinachosomwa ni tarehe ya kuzaliwa na lugha ya nyumbani. Bidii yake haimo katika namba ile. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mtoto huyo huenda ndiye aliyejifunza mengi kuliko wote.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea Mara. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba elimu ya kikoloni ilikuza ubinafsi mahali pa ushirikiano. Mjini Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia watoto wote wapate elimu ya msingi na kupinga tathmini inayotegemea mtihani peke yake. Hata Baraza la Mitihani, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja wanafunzi na shule bora kitaifa. Ikiwa kijana wa miaka kumi na minane ameondolewa katika orodha hiyo, sijui kwa sababu gani mtoto wa awali abakizwe.

Pingamizi linalobaki ni la wamiliki wa shule binafsi: mzazi anayelipa ada anataka kuona mwanawe akishinda. Hilo ni suala la biashara, na lijibiwe kibiashara. Ripoti inayoeleza kwamba mtoto sasa anasimulia hadithi, anajifunga viatu na anahesabu hadi ishirini humwambia mzazi mengi kuliko "wa saba kati ya arobaini".

Zawadi yenyewe ibaki. Fedha za mabegi matatu zinaweza kununua penseli kwa kila mtoto, au kalamu za rangi na mipira kwa kona za kujifunzia, zikagawiwa siku ya kufunga bila kutangazwa mapema. Wazazi wasitakiwe kuchangia: kwa mkulima wa pamba wa Bunda, Desemba ni msimu wa kupanda, na soko halifunguliwi hadi Mei. Kamati za shule zinaweza kuanza na madarasa machache mwaka huu, kisha maofisa elimu kata wakalinganisha rejista za mahudhurio za darasa la kwanza kuanzia Januari, shule zenye watatu bora kwa zisizo nao. Natarajia tofauti itaonekana hasa kwa watoto waliokuwa wakiitwa mwisho.