Tanzania: Ngitili, desturi ya Wasukuma iliyorudisha miti Shinyanga

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma wa kaskazini magharibi mwa Tanzania hulifunga mvua zinapoanza. Nyasi na miti huachwa kukua bila kuguswa hadi kiangazi, na kwa kawaida eneo hufunguliwa kuanzia Julai au Agosti, malisho yanapokwisha kwingineko. Hata hapo kundi zima haliruhusiwi kuingia kwa pamoja. Hutangulia ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wagonjwa au dhaifu. Ngitili nyingine ni mali ya familia, nyingine ni za kijiji kizima.

Desturi hiyo ilikaribia kutoweka. Chini ya utawala wa Waingereza, vichaka vilifyekwa ili kumwangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba yakapanuka. Kisha, katika miaka ya 1970, watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na ngitili walizoziacha nyuma zikabaki bila mwangalizi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania, na wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Wenyeji walijua jambo ambalo wataalamu walichelewa kulitambua: visiki na mizizi ya migunga vilikuwa bado hai ardhini, na vingechipua vyenyewe endapo mifugo ingezuiwa. Mradi ukabadili njia, jambo lisilo la kawaida, ukaijenga kazi yake juu ya ngitili.

Wakati huo zilikadiriwa kubaki hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalizidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo, ambao ulijumuisha pia wilaya zilizo leo katika mikoa ya Simiyu na Geita. Pamoja na malisho, kaya zilipata kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, uyoga na dawa za miti shamba.

Ulinzi hautegemei askari wa misitu pekee. Dagashida, yaani baraza la jadi la wanakijiji, hupanga kanuni na adhabu; sungusungu huzisimamia.

Hata hivyo, manufaa hayagawanyiki sawa. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufaidika kuliko asiye na ngitili, ambaye huenda akalazimika kununua nyasi na kuni kwa jirani. Watu na mifugo wanaongezeka, na baba akigawa ardhi kwa wanawe, ngitili ya familia hugawanyika vipande vidogo au hugeuzwa shamba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga misitu yao na kuisimamia, lakini ngitili isiyosajiliwa ina kinga moja tu: majirani kuendelea kuiheshimu.