Kasenyi: mji wa mpaka uliochorwa juu ya maji

Kasenyi iko kando ya Ziwa Albert, katika teritwari ya Irumu, kama kilometa 60 kwa barabara toka Bunia. Ukiisha kupita Bogoro na kushuka mlima, ziwa linaonekana lote chini. Ng'ambo ni Uganda.

Wazee waliliita Mwitanzige, maana yake muuaji wa nzige, kwa sababu nzige waliojaribu kulivuka walichoka wakafia majini. Jina la Albert lililetwa na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864, kwa heshima ya mume wa malkia wake. Mwaka 1973 Zaire ikaliita Mobutu. Mwaka 1997 jina hilo likaondoka pamoja na mwenyewe.

Zamani ziwa lilikuwa njia. Chumvi ya Kibiro, ambayo akina mama wa Bunyoro huichuja kutoka udongo wa bustani wanazorithishana, ilivushwa kwa mitumbwi. Lugha pia ilivuka: Kihema cha kusini na Kinyoro ni ndugu.

Kisha Wazungu wakagawana nchi. Uingereza na Ubelgiji walikubaliana mwaka 1910, wakatia sahihi mkataba mwaka 1915: mpaka upite katikati ya ziwa. Majini hakuna jiwe wala mti wa kuuonyesha. Wakati huo wa ukoloni Kasenyi ikawa bandari, na meli za Butiaba zikatia nanga hapo.

Mpaka usioonekana una gharama yake. Mvuvi hufuata samaki usiku, na samaki hawana kitambulisho. Wavuvi wengi wamejikuta mikononi mwa askari wa ng'ambo. Mwaka 2007 nchi mbili ziligombania kisiwa kidogo cha Rukwanzi, watu wakafa. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, Marais Kabila na Museveni walitia sahihi makubaliano ya Ngurdoto, huko Tanzania, ili mpaka upimwe upya.

Lakini siku ya hatari, ziwa ndilo lililokuwa mlango. Mwaka 2003 Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari, na Tchomia, jirani ya Kasenyi, tarehe 31 Mei. Vita viliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, makumi ya maelfu walivuka kwa mitumbwi hadi Sebagoro, wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Wengine walizama njiani. Kati ya waliofika, wenye kusema Kihema walikuta wenyeji wanaoelewa salamu yao: ukoo wa lugha ulikuwapo kabla ya mpaka.

Mtoto aliyezaliwa Kyangwali mwaka 2018 anaijua Kasenyi kwa kusikia tu. Hajaona makayabu yakianikwa juani, wala magari yakipanda Bogoro na samaki wa soko la Bunia. Wazazi wake, na jamaa waliobaki katika kambi za ndani, ndio wenye kumwambia. Akijua jina la Mwitanzige, atajua kwamba maji yaliyowapeleka wazazi wake ng'ambo ni njia ya kurudia vilevile, siku amani itakapokaa.