Likizo ya Mwaka Yenye Malipo: Kwa Nini Siku Hutofautiana Kati ya Mji na Mji

Wafanyakazi wawili wenye kazi inayofanana, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mwanza, wanaweza kupata siku tofauti za likizo ya mwaka. Tofauti hiyo haitokani na mji. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka kiwango kimoja kwa mikoa yote: likizo ya malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005.

Chanzo cha tofauti

Siku 28 ni kiwango cha chini. Mwajiri anaweza kutoa zaidi kupitia mkataba wa ajira, au mkataba wa hali bora uliofikiwa na chama cha wafanyakazi, lakini hawezi kushuka chini yake.

Namna ya kuhesabu

Siku hizo ni za kalenda. Mapumziko ya wiki na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo huhesabiwa. Kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, wiki hizo 4 ni sawa na siku 20 za kazi. Kwa anayefanya kazi siku 6, ni 24. Kwa hiyo, ahadi ya siku 22 za kazi inamzidishia wa kwanza na kumpunja wa pili.

Hesabu hiyo ni muhimu pia kwa anayelinganisha ajira za Dar es Salaam na Nairobi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Kwa wiki ya siku 5, hizo ni wiki 4 na siku moja, yaani zaidi kidogo ya siku 28 mfululizo. Kwa wiki ya siku 6, ni wiki 3 na nusu tu.

Haki nyingine za kuzingatia

Tanzania Bara, malipo ya likizo hutolewa kabla ya likizo kuanza. Mwajiri ndiye anayepanga wakati wake, lakini hapaswi kuichelewesha zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Aidha, likizo ya ugonjwa au ya uzazi haipaswi kuhesabiwa kuwa likizo ya mwaka.

Mfanyakazi anashauriwa kusoma mkataba wake na kubaini iwapo unataja siku za kalenda au siku za kazi. Anayeona amepunjwa anaweza kumwona Afisa Kazi, au kuwasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea.